Sikio la mbwa lisomwe kabla halijatiwa dawa

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa na askari wa nyumba, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu, kina mama, vijana mliokuja mmeshika kamba za mbwa wenu, na nyinyi askari wa magetini mnaokesha na wanyama hawa kuliko hata wenye nyumba, karibuni.

Jambo letu leo ni moja. Mbwa anayeanza kuumwa sikio hujulikana mapema, kwa macho na kwa pua, siku nyingi kabla hajaanza kulia kwa maumivu. Akijulikana mapema hutibika kwa urahisi. Akicheleweshwa, na hasa akitiwa vitu sikioni kwa kubahatisha, ugonjwa huzama ndani hadi mahali ambapo dawa ya matone haifui dafu. Kwa hiyo tutazungumza zaidi juu ya kuangalia kuliko juu ya kutibu, na mtuvumilie tukikaa sana kwenye nta na harufu, maana humo ndimo habari zilimo.

Tuanze na umbo la sikio lenyewe. Tundu la sikio la binadamu ni fupi, kama sentimita 2 na nusu, na linaelekea ndani karibu moja kwa moja. La mbwa linashuka kwanza kwenda chini sambamba na shavu, kisha linakunja kona na kuingia kichwani, ndipo linapokutana na kiwambo cha sikio. Kwa mbwa mzima safari yote hiyo ni kama sentimita 5 hadi 10, kutegemea ukubwa wake. Maji yakiingia hutuama pale konani, maana ili yatoke ni lazima yapande. Na kwa sababu ya kona hiyo, hakuna tochi ya simu itakayokuonyesha kiwambo ukiwa nje. Unachokiona nyumbani ni sehemu ya juu tu.

Ndani ya tundu mna ngozi kamili, yenye vinyweleo na tezi zinazotoa nta. Ngozi hiyo hujisogeza polepole kutoka ndani kuja nje, ikibeba nta na taka, na hivyo ndivyo sikio lisilo na ugonjwa linavyojisafisha. Bakteria na fangasi wachache wanaishi humo siku zote bila kudhuru. Wanageuka balaa pale ngozi inapovimba na kupata unyevu, na ile njia ya kujisafisha ikakwama. Ndiyo kusema, maambukizi ya sikio la mbwa karibu kila mara yana kitu kilichoyatangulia. Ukiua bakteria ukakiacha kitu hicho, watarudi.

Hapa kwetu joto na unyevu wa hewa tunao mwaka mzima. Masika yakikolea, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, hata nguo hazikauki kambani, seuze tundu la sikio la Labrador lililofunikwa na ngozi yake. Mbwa anayeogelea Nyali au Shanzu anarudi na maji ya chumvi na mchanga masikioni. Wanaozunguka kwenye ploti zenye majani marefu, kule Utange, Mtwapa au Likoni, wanaokota kupe na mbegu za nyasi zenye ncha kali. Mbwa wa masikio yaliyolala wanafungia unyevu, na Cocker Spaniel anazidi kwa sababu tezi zake za nta ni nyingi mno. Lakini asikudanganye mtu kwamba mbwa wa masikio wima yuko salama. German Shepherd masikio yake yanapigwa na upepo kutwa, na bado ni miongoni mwa wanaosumbuliwa sana, kwa kuwa ngozi yake ni nyepesi kupatwa na mzio.

Huu mzio, au aleji kama wengi wanavyoita, tunataka tuukalie kidogo, maana ndio unaosahauliwa. Unaweza kuletwa na vijidudu vya vumbi la nyumbani, chavua za majani, ukungu, au chakula, mara nyingi ile ile nyama anayokula kila siku miaka nenda miaka rudi. Mbwa wa namna hii aghalabu hajikuni sikio peke yake. Analamba nyayo hadi manyoya meupe katikati ya vidole yanageuka rangi ya kutu kwa mate. Tumbo na makwapa yana wekundu. Anasugua uso kwenye mkeka. Wako pia ambao sikio ndiyo dalili yao ya pekee. Ukiona masikio yanapona yanarudi, yanapona yanarudi, basi jueni ngozi yote inaumwa na sikio ni sehemu tu ya hiyo ngozi. Kwa maoni yetu ni afadhali kutumia fedha mara moja kuutafuta mzio kuliko kununua chupa ya matone kila baada ya miezi miwili.

Mzio wa chakula hupimwa kwa chakula chenyewe. Daktari atachagua nyama ya aina moja ambayo mbwa hajawahi kuila, na atakula hiyo tu pamoja na wanga wa aina moja kwa muda wa wiki 8 hivi. Hapo ndipo kipimo kinapoharibika mara nyingi. Mwenye nyumba anafuata maagizo, mtoto anamtupia kipande cha biskuti, na askari kwa huruma yake anammegea mahamri ya asubuhi. Mmego mmoja unatosha kuanzisha muwasho upya, na wiki zote zikawa bure. Kama nyumba imeanza kipimo hiki, kila anayeingia getini aambiwe.

Sasa ukaguzi. Ufanyeni mara moja kwa wiki, mara mbili wakati wa mvua, na kila mara baada ya mbwa kuingia baharini. Chagueni mahali penye mwanga wa asubuhi. Msimsimamie mbwa usoni. Mmoja amshike, mwingine achuchumae ubavuni. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake, kwa hiyo kama hamumwamini mvalisheni kifunga mdomo kwanza. Na akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone.

Walinzi wengi hapa ni Waislamu, na wako wanaojihadhari na unyevu wa mbwa kwa ajili ya twahara, yaani usafi wa ibada. Hilo tunaliheshimu na halizuii kazi. Vaeni glovu, na hatua mbili za mwanzo hazihitaji kumgusa mnyama hata kidogo.

Ya kwanza ni kusimama mbali na kumtazama kwa dakika mbili tatu. Mbwa kutikisa kichwa mara moja anapoamka usingizini ni kawaida. Akitikisa tena na tena, akikuna kwa mguu wa nyuma huku anaguna, akibeba sikio moja chini kuliko jenzake, au akijiondoa unaponyoosha mkono kichwani, hapo pana neno. Mbwa wa ulinzi aliyekuwa akiitika mara moja na sasa anaitwa mara tatu, msiseme amekuwa mkaidi kabla ya kumkagua masikio.

Ya pili ni pua yako. Sogea mpaka umbali wa shubiri moja kutoka sikioni. Sikio zima halina harufu ya kukushtua. Fangasi wa jamii ya hamira hutoa harufu chachu, ya utamutamu uliooza. Bakteria wabaya hunuka uvundo unaojaza chumba. Mkianza kusema "mbwa huyu ananuka, aoshwe", mnuseni masikio kwanza, maana mara nyingi anaoshwa mwili, maji yanaingia sikioni, na kilichokuwa kinanuka kinazidi.

Kisha inua ndewe, yaani lile bapa la nje la sikio, polepole, ulishike karibu na shina lake. Ngozi ya ndani iwe na rangi ya waridi hafifu, au nyeusi ikiwa ndiyo rangi ya ngozi ya mbwa wako. Linganisha kulia na kushoto, maana mbwa mwenyewe ndiye kipimo chake. Wekundu, ngozi iliyonenepa na kufanya mikunjo, vidonda, tundu lililosonga hata halionekani vizuri: kila kimoja kati ya hivi kinatosha kukupeleka kwa daktari.

Zungusha tishu nyeupe kwenye kidole, ufute pale tu unapopaona. Itazame juani. Utando mwembamba wa manjano hafifu au kahawia kidogo ni nta ya kawaida, ya kuachwa. Nta nyingi ya kahawia yenye mafuta, inayonata na yenye ile harufu chachu, mara nyingi ni fangasi aitwaye Malassezia. Majimaji ya manjano au ya kijani yenye uvundo, pamoja na vidonda na maumivu makali, ni dalili ya bakteria, na mmoja kati yao aitwaye Pseudomonas ni sugu kwa dawa nyingi, hivyo huyo msimchezee. Chembe kavu nyeusi kama mashapo ya kahawa, hasa kwa mbwa mdogo au anayelala na paka, huashiria utitiri wa masikio, Otodectes cynotis.

Utitiri huo mnaweza kuutafuta wenyewe. Kung'uteni zile chembe juu ya kitambaa cheusi, mkiweke kwenye mwanga, mchukue lenzi ya kukuzia, na mtulie kimya kama dakika moja. Vidoa vyeupe vidogo mno vitaanza kutembea. Mkiviona, jibu mmelipata. Msipoviona, msiseme hawapo.

Tunasisitiza hapa kwa sababu ya kosa lililozoeleka sana: kila sikio chafu linaitwa la utitiri. Kwa mbwa mzima asiyekutana na paka wala mbwa wageni, utitiri si wa kawaida. Mwenye mbwa ananunua dawa ya utitiri, anatia, haisaidii, anarudia, na wakati huo bakteria wanajenga nyumba. Rangi ya uchafu inatoa dokezo tu. Fangasi na bakteria hukaa pamoja katika sikio moja, na wa kuwatenganisha ni hadubini.

Na kama kweli ni utitiri, basi nyumba nzima itibiwe siku moja, mbwa wote na paka wote, hata asiyejikuna. Maisha ya mdudu huyu tangu yai hadi ukubwa ni kama wiki 3, kwa hiyo dawa ya siku mbili inaua wakubwa na kuyaacha mayai. Mombasa ni mji wa paka, kwa hiyo sikilizeni vizuri: dawa za kupe za mbwa zenye permethrini huua paka. Usimgawie paka dawa ya mbwa. Na sindano ya ivamektini ya ng'ombe wanayopigwa mbwa mitaani kwa kila muwasho ni hatari, kwani kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na wapo mbwa, hasa Collie na jamaa zake, ambao kwa maumbile dawa hiyo inapenya hadi ubongoni na kuwaangusha.

Jambo la mwisho la ukaguzi ni mkono. Chini kidogo ya tundu, kwenye shavu, utalisikia lile bomba la sikio chini ya ngozi. Libonyeze taratibu. Linatakiwa lipinde kirahisi na mbwa asijali. Ukisikia chapuchapu ndani, mna majimaji. Mbwa akilia, kuna uvimbe. Ukiligusa ukakuta limekauka gumu halipindi, ugonjwa ni wa siku nyingi, na gegedu ya sikio, ile sehemu ngumu inayopindika inayoshika umbo lake, imeanza kugeuka mfupa. Katika hali hiyo mara nyingi hubaki upasuaji wa kuondoa tundu lote, na mbwa hupoteza sehemu kubwa ya kusikia upande ule.

Sikio moja au yote mawili? Swali hili dogo lina faida kubwa. Mzio na utitiri hupenda pande zote mbili, ingawa upande mmoja unaweza kutangulia. Upande mmoja peke yake unatufanya tufikirie kitu kilichoingia, au uvimbe wa nyama ulioota ndani, hasa kwa mbwa mzee. Mbwa aliyetoka mbio majanini sasa hivi, akaanza ghafla kutikisa kichwa kama aliyechanganyikiwa, huyo ana mbegu ya nyasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mbegu hizo zina vimiba vinavyoziruhusu kwenda mbele tu, na zinaweza kutoboa kiwambo. Usichokonoe, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kupe aliyekaa kwenye ndewe mtoe kwa kibano, umkamate karibu kabisa na ngozi, umvute sawasawa bila kumpinda. Usimchome kwa kiberiti wala usimpake mafuta ya taa. Aliyeko ndani ya tundu mwachie daktari. Mbwa mwenye kupe wengi ambaye pia ana homa, hali chakula na ufizi umekuwa mweupe, anahitaji kupimwa damu kwa homa ya kupe, na hapo sikio lasubiri.

Nzi nao wana kazi yao. Ncha za masikio zenye magaga meusi na damu, hasa kwa mbwa wa masikio wima anayefungwa nje, ni nzi wanaouma na kunyonya damu. Tundu linaweza kuwa safi kabisa. Ondoeni kinyesi na takataka karibu na banda kila siku, mbwa apate mahali pa kivuli penye wavu mchana, na ncha zitibiwe kama vidonda. Kidonda kinachoachwa wazi katika joto hili huingia mabuu.

Na iko ile hali ambapo ndewe lote linatuna ghafla, laini, lenye joto, limejaa. Hiyo ni damu. Mbwa ametikisa kichwa kwa nguvu hadi mishipa midogo baina ya ngozi na gegedu ikapasuka. Msilitoboe kwa sindano nyumbani. Litajaa tena kabla ya jioni, na safari hii na vijidudu. Daktari ataitoa damu kwa usafi, ataweka namna ya kuzuia isijae tena, kisha atafute kilichomfanya mbwa atikise kichwa, maana hicho ndicho chanzo.

Dalili ambazo hazingoji kesho ni hizi. Kichwa kimeinama upande mmoja na hakinyooki. Anatembea kwa mzunguko au anaangukia upande. Macho yanacheza yenyewe kulia na kushoto. Anatapika bila sababu ya chakula. Mdomo au jicho la upande mmoja limelegea, au analia akifungua kinywa. Hapo ugonjwa umevuka kiwambo, umefika sikio la kati au la ndani, na kila siku inayopita inahesabika. Kama mbwa hana chanjo ya kichaa na tabia yake imebadilika pia, msitie mkono kinywani mwake hata kidogo.

Sasa yale yanayotiwa masikioni. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza ngozi iliyochubuka, na mbwa hatakuruhusu tena umguse sikio hata ukija na dawa sahihi. Siki na ndimu vivyo hivyo. Mafuta ya nazi tunayapenda sote, lakini sikioni yanafunika uchafu na kumzuia daktari kuona ndani, na hayamwondoi aliyeleta ugonjwa. Mafuta ya taa na oili ya gari ni sumu, na mbwa mwenziwe akimlamba wanaumwa wote wawili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, yenye amitrazi, ikinyonywa na ngozi yenye vidonda humtia mbwa usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo. Unga wa dawa huganda na nta ukawa kizibo. Vijiti vya pamba vinasukuma nta hadi pale konani, na hapo havifiki tena. Maji ya bahari si tiba ya sikio. Yanaacha unyevu na mchanga pale pale.

Baya kuliko yote ni chupa iliyobaki, ya mbwa mwingine au ya mtu. Ndani yake mara nyingi mna steroidi inayopunguza uvimbe, hivyo mbwa anatulia siku mbili tatu nanyi mnafurahi, kumbe bakteria wapo na wanazoea dawa. Na baadhi ya viuavijasumu vya matone, kama jentamaisini, vikipita kwenye kiwambo kilichotoboka vinaweza kumfanya mbwa kiziwi au kumpotezea mizani ya mwili. Kwa sababu hiyo tunasema kiwambo kiangaliwe kwanza.

Mkienda kwa daktari wa mifugo, hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Kuuza dawa dukani si sawa na kusomea udaktari. Msilisafishe sikio siku mbili kabla ya kwenda, maana ule uchafu ndio ushahidi. Chukueni kila chupa mliyokwisha kutumia, hata tupu, na kadi ya chanjo. Andikeni lini ilianza, upande gani, anakula nini, ameogelea lini.

Mtarajie hivi. Atachungulia kwa kifaa chenye taa na bomba jembamba, akianza na sikio zima. Atachukua uchafu kwa pamba kutoka pande zote mbili, aupake kwenye kioo, autie rangi na kuutazama kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayotenga fangasi na bakteria. Akikupa matone bila kufanya haya, muulize kwa heshima kama anaweza kuyafanya. Akiona bakteria wenye umbo la vijiti, au ugonjwa umerudi mara kwa mara, atapeleka sampuli maabara ijulikane dawa gani inawaua. Tundu likiwa limefunga kwa uvimbe, hutanguliza dawa ya kupunguza uvimbe kwa siku kadhaa. Na wako ambao lazima walazwe kwa nusukaputi waoshwe kwa kina, kwa kuwa matone hayapenyi usaha mzito.

Kuhusu kutia matone, muulizeni daktari kipimo kwa mililita. Dawa nyingi kwa mbwa mkubwa zinahitaji hadi mililita 1 kila sikio, na matone mawili ya huruma yanaishia juu, hayafiki konani. Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, kwa sababu kitu baridi sikioni kinamtia mbwa kizunguzungu. Inua ndewe kwenda juu, tia dawa, kisha kanda shina la sikio kwa sekunde 30 kabla hujamwachia atikise. Ncha ya chupa isiguse sikio, ikigusa ifute. Kama umeagizwa pia kusafisha, safisha kwanza, subiri pakauke, ndipo utie dawa.

Muda wa dawa kwa kawaida ni siku 7 hadi 14, na sikio la siku nyingi huchukua wiki kadhaa zaidi. Kuwasha huisha kabla ya vijidudu kuisha. Kwa hiyo siku ya kuacha dawa ni ile ambayo daktari ametazama tena kwa hadubini akakuta hakuna kitu. Ziara hii ya pili ndiyo wengi wanaoikwepa kwa kubana matumizi, na ndiyo inayookoa fedha.

Kwa mbwa mwenye masikio mazima, kusafisha si lazima. Sikio linaloshughulikiwa kila siku bila sababu hulainika kwa unyevu na kuugua. Anayeogelea ndiye anayefaidika: mfute, kausha ndani ya ndewe kwa kitambaa kikavu, na kama daktari amethibitisha kiwambo kizima, tumia dawa ya kusafishia iliyotengenezwa kwa masikio ya mbwa baada ya kuogelea au kila wiki moja au mbili. Jaza tundu, kanda mpaka usikie majimaji yakicheza, rudi nyuma hatua moja atikise, kisha futa kwa pamba mpaka kidole kinapoishia. Manyoya ndani ya tundu msiyang'oe ikiwa sikio halina shida.

Askari wa usiku na wa mchana muwe na daftari moja getini. Tarehe, sikio la kulia, sikio la kushoto, harufu ipo au haipo, anatikisa au hatikisi. Zamu zinabadilika na watu huenda likizo, lakini aliyeandika Jumatatu kwamba sikio la kushoto limeanza kunuka anamsaidia atakayeingia Alhamisi kujua kwamba hali inazidi.

Maswali tunayapokea sasa. Mliokuja na mbwa wafungeni upande wa kivuli, mmoja mbali na mwenzake, na wanaong'ata wavalishwe kifunga mdomo. Tutaanza na wale walioinamisha vichwa, kisha waliovimba ndewe, halafu waliobaki kwa zamu.